Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Uzamili au Uzamivu kwa Kiingereza Ukiwa Arusha au Moshi

Ukishapata barua pepe ya kukuita kwenye usaili wa chuo, jambo moja liwe wazi kichwani mwako: Kiingereza chako kimeshapimwa. Waliokuita wameona matokeo yako ya IELTS au TOEFL kama waliyataka, wamesoma barua yako ya maombi, na wanajua shahada ya kwanza uliisoma kwa lugha gani. Wangekuwa na shaka kubwa na lugha yako wasingekuita. Sasa wanataka kukusikia ukiizungumza kazi yako. Wanataka kujua unalielewa kwa kina gani jambo uliloliandika, unafikiri vipi ukiulizwa usichokitarajia, na kama wataweza kukaa na wewe mwaka 1 wa uzamili au miaka 5 ya uzamivu.

Nalisema hili mapema kwa sababu vijana wengi ninaowasaidia hapa Arusha hufanya kinyume. Muda wote wa maandalizi wanaumalizia kwenye sarufi na kwenye kukariri majibu. Kukariri tumekuzoea tangu shule ya msingi, na mitihani ilitupa alama kwa ajili yake. Kwenye usaili kunamwangusha mtu. Msaili akilibadili swali kidogo tu, jibu lililokaririwa linayeyuka na mtu anabaki kimya. Udhaifu wetu halisi uko mahali pengine. Tangu kidato cha kwanza tumesoma na kuandika kwa Kiingereza, lakini mwalimu akitoka darasani majadiliano yote yalikuwa kwa Kiswahili. Macho na mkono vimekizoea Kiingereza, mdomo haujakizoea. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mdomo.

Hatua ya 1: Jibu barua, kisha uhakikishe saa

Jibu siku hiyohiyo au kesho yake kwa sentensi chache. Shukuru, thibitisha kwamba muda unakufaa, na uulize mambo matatu: usaili utachukua dakika ngapi, watakuwepo akina nani, na utafanyika kwa programu gani. Si utovu wa adabu kuuliza. Majina ya wasaili ndiyo ya thamani zaidi kwa sababu yatakuonyesha cha kusoma.

Uliza pia kama ni mazungumzo ya moja kwa moja na wasaili au ni usaili wa kujirekodi. Siku hizi baadhi ya vyuo, hasa vya biashara, hukutumia mfumo unaokuonyesha swali kwenye skrini, unakupa sekunde chache za kufikiri, kisha kamera inawaka na unajibu mwenyewe kwa dakika moja hivi bila mtu upande wa pili. Maandalizi yake ni yaleyale, ila fanya mazoezi mengi zaidi ya kuongea na kamera ya simu huku saa inahesabu, maana kuongea bila kuona uso wa mtu ni kugumu kuliko inavyodhaniwa.

Sasa saa. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya Greenwich mwaka mzima na hatubadilishi. Wenzetu hubadilisha. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi inakuwa nyuma kwa saa 2. New York iko nyuma kwa saa 8 wakati wa baridi, na kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi. Usaili mwingi wa uzamivu wa Marekani hufanyika kati ya Januari na Machi, kwa hiyo badiliko hilo linaweza kukukuta katikati ya ratiba. Barua ikisema 10:00 am ya New York mwezi Februari, kwetu ni 18:00, yaani saa 12 jioni. Saa hiyohiyo mwishoni mwa Machi kwetu ni saa 11 jioni. Ikiwa chuo kiko California, 10:00 am ya Februari ni saa 3 usiku.

Halafu kuna mtego wetu wenyewe. Simu inaandika 9:00, kichwa kinasoma saa tisa. Ukishapiga hesabu, iandike saa kwa maneno, kwa Kiswahili, kwenye karatasi: "Jumanne, saa kumi na mbili jioni". Bandika ukutani. Mpe mtu mwingine barua yenyewe apige hesabu yake bila kuona yako, kisha mlinganishe.

Hatua ya 2: Yasome maombi yako kama mgeni

Chapisha barua ya maombi na wasifu wako kwenye karatasi. Pitia sentensi moja moja, na pembeni ya kila moja andika swali ambalo mtu asiyekujua angeuliza. Kama uliandika kwamba ulichambua data kwa R, ile programu ya takwimu, swali ni: ulichambua nini, kwa njia ipi, na kwa nini hiyo na siyo nyingine? Kama uliandika kwamba uliongoza timu, swali ni: watu wangapi, na walipokosana ulifanya nini? Chochote ulichokiandika ni halali kuulizwa. Ukikutana na sentensi ambayo huwezi kuitetea, rudi kwenye tasnifu au daftari lako la kazi uutafute ukweli wake leo.

Hapo hapo andaa maelezo ya GPA. Vyuo vyetu vinahesabu hadi 5.0, Marekani hadi 4.0. Ukisema una 3.8 na usiseme ni kati ya ngapi, Mmarekani ataelewa kwamba umekaribia kileleni, na akigundua baadaye itaonekana ulificha. Sema mwenyewe: 3.8 kati ya 5.0, daraja la pili la juu, ambalo kwetu linaanzia 3.5 hadi 4.3. Sentensi moja inatosha, na inakujengea uaminifu.

Kisha wasome wasaili. Kwa kila jina tafuta makala mbili za karibuni kwenye Google Scholar. Huna haja ya kuzisoma neno kwa neno. Soma muhtasari, aya ya mwisho ya utangulizi, na sehemu ya majadiliano. Andika jambo moja linalogusana na kazi yako na swali moja ambalo kweli unataka jibu lake. Usiende na sifa. Profesa aliyeambiwa kwamba kazi yake inavutia sana hana la kujibu zaidi ya asante. Akiulizwa kwa nini alichukua sampuli wakati wa kiangazi pekee, ataongea dakika tano, na tayari mtakuwa mnafanya kazi pamoja.

Hatua ya 3: Tengeneza dakika mbili za kazi yako

Swali la kwanza karibu kila mara ni kujieleza au kuieleza tasnifu. Hili lisikukute unalitafutia maneno. Jenga maelezo ya dakika mbili kwa mpangilio huu: tatizo ni lipi na linamuumiza nani, wewe ulifanya nini, ulipata nini, na jambo gani limebaki bila jibu. Hilo la mwisho ndilo linalokupeleka kwenye chuo chao.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Tuseme ulisomea kemia, na utafiti wako ulikuwa wa floridi kwenye maji ya miteremko ya Meru. Wengi wangeanza hivi: "Utafiti wangu ulihusu tathmini ya viwango vya floridi katika vyanzo teule vya maji Wilaya ya Arumeru." Hicho ni kichwa cha tasnifu. Msaili aliye Edinburgh hajui Arumeru ni nini, na hajasikia sababu ya kuendelea kusikiliza.

Anza na meno ya watoto. Katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru kuna watoto wenye meno yaliyobadilika kuwa ya kahawia. Chanzo chake ni floridi inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye maji wanayokunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huko vinavuka hapo. Sasa ingia wewe: nilipima visima kadhaa wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kisha nikajaribu kuchuja maji hayo kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Eleza ulichokipata kwa namba moja au mbili tu. Malizia na kilichobaki: mkaa unachoka baada ya muda, na kaya haina namna rahisi ya kujua umechoka lini. Hilo ndilo nataka kulifanyia kazi kwenye maabara yenu.

Ona kilichotokea. Mtu ambaye hajawahi kufika Usa River anaiona picha, anajua wewe ulifanya nini kwa mikono yako, na swali lake la pili litakuwa juu ya mkaa, jambo unalolijua kuliko yeye. Usaili umehamia kwenye uwanja wako.

Maneno ya kwetu yaeleze kwa nusu sentensi. Aliyesoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na kuandika juu ya bei ya kahawa atasema "AMCOS" kama vile kila mtu anaijua. Aseme kwanza kwamba ni chama cha wakulima wa kijiji kinachokusanya na kuuza mazao ya wanachama wake, na ndipo aendelee. Akiongeza kwamba chama kikuu cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, KNCU, kilianzishwa 1933, msaili ataelewa kwamba utafiti huu una mizizi mirefu. Fanya hivyohivyo kwa kata, kidato, mgambo, VICOBA, na kila neno ambalo mgeni wa nchi angelishangaa.

Usiyaandike maelezo haya neno kwa neno. Andika maneno matano ya kukumbusha kwenye kipande cha karatasi: meno, volkano, visima, mkaa, swali. Kila ukiyasema, sentensi zitoke tofauti kidogo. Zikitoka zilezile mara tatu mfululizo, umeanza kukariri.

Hatua ya 4: Zoeza mdomo kila siku

Hapa ndipo kazi ilipo. Dakika ishirini kila siku za kuongea kwa sauti zinazidi saa tatu za kusoma kimyakimya Jumamosi. Chukua swali moja asubuhi, lijibu kwa sauti huku unajirekodi kwa simu, sikiliza, kisha lijibu tena. Ukisikiliza, usihesabu makosa ya sarufi. Jiulize mambo mawili tu: je, mtu asiyenijua ameelewa nilichokifanya? Na je, nimejibu swali lililoulizwa au nimejibu lile nililolitamani?

Siku chache za kwanza utajichukia ukijisikia. Vumilia. Sauti ya mtu ikirekodiwa humshangaza mwenyewe, lakini wengine hawashangai, maana ndiyo wanayoisikia kila siku.

Baada ya hapo tafuta mtu wa kukuuliza. Wengi hutafuta Mzungu, na wasipompata wanaacha. Hapa kwetu tuna hazina ambayo mikoa mingi haina: waongoza watalii. Mtu aliyepeleka wageni Serengeti au kupanda nao Kilimanjaro kwa miaka kumi ameongea Kiingereza na Mskoti, Mmarekani wa kusini, Mhindi, Mwaustralia na Mjerumani. Anajua kukatiza kwa adabu, anajua kuuliza tena, na kazi yake ya kila siku ni kumweleza mgeni jambo ambalo mgeni halijui. Tena Aprili na Mei, masika yakikaza, wengi wao wako nyumbani. Mwendee kwa heshima. Akiwa amekuzidi umri mpe shikamoo yake na umwambie, "Kaka, nina usaili wa chuo, naomba nusu saa uniulize maswali kwa Kiingereza, na usinionee huruma." Sijawahi kuona aliyekataa.

Faida nyingine ni kwamba hajui fani yako. Atakuuliza, "Sasa hiyo inasaidia nini?" Swali hilo hilo liko kwenye jopo, limevaa suti tu. Ukiweza kumridhisha yeye kwa Kiingereza chepesi, jopo utaliweza.

Mara moja au mbili mwombe pia mtu wa fani yako, mhadhiri wako wa zamani au mtu aliyesoma chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, au KCMC kama ni mambo ya afya, akubane kwa maswali ya kitaalamu. Mpe barua yako ya maombi mapema. Mwambie asikusahihishe katikati, aandike na kukwambia mwishoni.

Kusikia nako kunahitaji mazoezi. Ikiwa profesa wako ana mhadhara kwenye YouTube, usikilize mara kadhaa kwa kasi yake ya kawaida mpaka sikio lizoee lafudhi yake. Wengi hujiandaa kuongea, kisha wanashindwa kulielewa swali.

Hatua ya 5: Mitego inayotukamata sisi waongeaji wa Kiswahili

Lafudhi yako iache ilivyo. Mtu aliyekulia Marangu au Ngarenaro hana sababu ya kuigiza London, na anayejilazimisha huwa hasikiki vizuri. Fanya mambo mawili tu: punguza kasi, na ujue mkazo wa maneno ya fani yako. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunahamisha tabia hiyo bila kujua. Kwenye "analysis" mkazo uko silabi ya pili, kwenye "analyse" uko ya kwanza. Kwenye "hypothesis" na "participants" uko ya pili. Andika maneno ishirini utakayoyatumia kwa hakika, yasikilize kwenye kamusi ya mtandaoni yenye sauti, uyarudie. Ishirini tu yanatosha, kwa sababu ni yaleyale utakayoyasema mara kwa mara.

Mtego mkubwa ni swali la kukanusha. Msaili anauliza, "So you haven't used R before?" Kwa Kiswahili ukijibu "ndiyo" unamaanisha ni kweli, sijatumia. Ukijibu "yes", yeye anaweza kuelewa kwamba umetumia, na swali linalofuata litakuzamisha. Dawa yake ni kuacha kabisa neno la kwanza na kutoa sentensi kamili: "I haven't used R, but I did my analysis in SPSS and I started learning R this year." Fanyia mazoezi maswali ya namna hii kumi au zaidi, maana ulimi unarudi kwenye mazoea ukiwa na wasiwasi.

Wa pili ni wa kutofautisha mwanamume na mwanamke. Kwetu "yeye" ni yeye. Kwa Kiingereza utamtaja msimamizi wako mwanamke kwa "he" bila kusikia, na msaili atabaki anajiuliza kama mnazungumzia mtu mmoja. Mtaje kwa cheo na jina, au sema "my supervisor", mpaka mwisho.

Wa tatu unatokana na malezi mema. Tumefundishwa kutojisifu, kwa hiyo mtu anasema "tulikusanya sampuli, tulichambua, tuliandika". Jopo linabaki halijui wewe ulikuwa wapi. Gawanya kazi kwa ukweli: mwenzangu alikusanya sampuli, mimi nilizipima maabara na nikaandika sura ya matokeo. Hapo hujajisifu. Umetoa taarifa waliyoiomba, na mwenzako umempa haki yake.

Pia tumezoea kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kwenye kamera hilo linaonekana kama mtu anayesoma majibu chini ya meza. Tazama kamera unapoongea, tazama nyuso unaposikiliza. Na wakubwa hao waite "Professor" na jina la ukoo mpaka mwenyewe akuambie umwite vinginevyo.

Mwisho, ziweke mdomoni sentensi nne za kukunusuru. Hizi ndizo pekee ninazoruhusu zikaririwe:

"Could you repeat the last part of the question, please?"
"If I understand you correctly, you are asking about…"
"Let me think about that for a moment."
"I don't know the answer, but this is how I would find out."

Ya pili ina nguvu kuliko zote. Inakupa sekunde za kufikiri, na ukiwa umeelewa vibaya msaili anakurekebisha kabla hujapotea. Kuomba swali lirudiwe hakukupunguzii kitu. Kujibu swali ambalo hukulisikia kunakupunguzia.

Hatua ya 6: Maswali ya kuyafikiria mapema

Kwa nini hapa, kwa nini usisome nyumbani? Jibu bila kuidharau nchi yako. Msaili anaweza kujua kwamba Tengeru kuna chuo kizima cha uzamili na uzamivu wa sayansi na uhandisi. Ukisema Tanzania hakuna vifaa, umekosea na umejidhalilisha. Taja kitu mahususi: njia fulani ya kupima, kundi fulani la watafiti, kozi fulani ambayo haifundishwi mahali pengine ulipotafuta.

Utafanya nini baadaye? Kwa wanaoomba ufadhili swali hili ndilo uti wa mgongo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa mfano, inataka uwe na angalau miaka 2 ya uzoefu wa kazi, na baada ya masomo urudi nyumbani kwa angalau miaka 2. Kusema utarudi kuwasaidia Watanzania hakutoshi. Utarudi kwenye kazi ipi, ofisi ya aina gani, ukabadilishe jambo gani ambalo leo linakwama? Jibu lenye jina la mamlaka ya maji ya mji au halmashauri fulani linaaminika zaidi ya jibu lenye neno "jamii".

Udhaifu wako ni upi, au eleza jambo lililokushinda. Toa la kweli, dogo, na lililofanyiwa kazi. Kama daraja la somo moja lilikuwa baya kwa sababu ya ugonjwa au ada, lieleze kwa sentensi mbili bila kuomba huruma, kisha onyesha alama za baadaye.

Una swali lolote kwetu? Jibu ni ndiyo, kila mara. Uliza wanafunzi hukutana na msimamizi mara ngapi, au uliza lile swali la makala. Kuhusu pesa, kama haijatajwa, uliza bila aibu: ufadhili unagusa ada tu au na maisha, na ni wa mwaka mmoja au wa kozi nzima. Wao wanajua kwamba usipolipiwa huwezi kuja.

Hatua ya 7: Chumba, umeme na intaneti

Chagua chumba kwa masikio. Masika, mvua ikipiga kwenye bati lisilo na dari, hakuna kipaza sauti kitakachokuokoa, na baadhi ya usaili huangukia Machi na Aprili. Tafuta chumba chenye dari: ofisi ya rafiki, darasa la shule jirani, chumba cha kanisa au msikiti ulichoombewa ruhusa. Kaa humo siku mbili kabla, saa ileile ya usaili, usikilize kuna nini: bodaboda zinazopandisha kilima, kwaya inayofanya mazoezi, mashine ya kusaga.

Umeme uuchukulie kama kitu kitakachokatika. Nunua LUKU mapema, jaza chaji kompyuta na simu zote mbili, na uwe na taa ya kuchaji. Hiyo taa haina mbadala ikiwa usaili ni saa 12 jioni, kwa sababu baada ya saa 12 na nusu giza linaanza kuingia na uso wako utapotea kwenye skrini katikati ya jibu. Mwanga ukae mbele yako, dirisha lisiwe mgongoni.

Saa moja ya video inaweza kula zaidi ya GB 1, kwa hiyo weka bando la kutosha kwenye laini mbili za mitandao tofauti, na ujaribu ipi inashika vizuri ndani ya chumba hicho. Ingiza programu ya mikutano na kwenye simu pia. Muulize mwandaaji mapema kama kuna namba ya kupiga endapo video itagoma. Kiungo kikikatika, rudi, sema "I'm sorry, we lost the connection" na uendelee pale ulipoishia. Usitumie dakika mbili kuilalamikia mitandao ya Tanzania.

Waambie watu wa nyumbani waziwazi: "Mama, Jumanne kuanzia saa kumi na moja na nusu mpaka saa moja na nusu asigonge mtu mlango, hata mgeni akija." Mtoto apelekwe kwa shangazi.

Usiweke majibu kwenye skrini, na usiache programu ya akili bandia ikuandikie huku unasoma. Macho yanayotembea kushoto na kulia yanaonekana, na sauti ya mtu anayesoma inajulikana mara moja. Akili bandia itumie wiki moja kabla ya usaili kukutungia maswali magumu kutokana na barua yako ya maombi. Hapo inafaa sana.

Siku yenyewe

Asubuhi ongea Kiingereza kwa sauti hata dakika kumi, na mtu au peke yako, ili mdomo usianze ukiwa baridi. Kula. Vaa kama unakwenda ofisini. Fungua kompyuta dakika ishirini kabla, weka mezani maji, kalamu, karatasi yenye majina ya wasaili na yale maneno matano.

Majibu yawe ya dakika moja na nusu hadi mbili, kisha nyamaza. Kimya cha msaili mara nyingi ni kuandika tu, kwa hiyo usikijaze kwa maneno. Ukikosea sarufi, endelea. Ukikosea jambo la ukweli, namba kwa mfano, jirekebishe hapo hapo kwa sentensi moja.

Baada ya usaili

Kabla hujampigia mtu simu kueleza ilivyokuwa, andika maswali yote uliyoulizwa. Vyuo vingine vina raundi ya pili, na maswali ya raundi ya kwanza huendelezwa. Ndani ya siku moja tuma barua pepe fupi ya shukrani ikigusa jambo moja mlilolizungumza. Kama uliahidi kutuma makala au cheti, kitume humo humo.

Ukipata nafasi yenye ufadhili Marekani na bado unasubiri chuo kingine, ujue kwamba vyuo vingi huko vimekubaliana kumpa mwanafunzi mpaka tarehe 15 Aprili aamue. Anayekusukuma ujibu kabla ya hapo mwombe kwa upole muda uliobaki, na kabla ya kusaini hesabu kilichomo kwenye barua ya ufadhili: ada, posho ya mwezi, bima ya afya, nauli ya ndege na gharama za viza. Kisichoandikwa humo ukihesabu kwamba utakilipa mwenyewe, na ukiulizie kwa maandishi.